Mzee, haya yamechemshwa

Mtaani kwetu Kimara nilikuwa naitwa Bwana Maji, na wala sikusingiziwa, jina nililitafuta mwenyewe. Mtu akija geto kwangu akaomba maji ya kunywa simpi hivihivi, lazima kwanza ale semina. Nina sufuria langu halijawahi kuguswa hata na majani ya chai, nachemsha mpaka maji yatokote yale ya kurukaruka, nayaacha dakika nzima nimeshika simu nahesabu, afu namimina kwenye ndoo ya bluu yenye kifuniko na kibomba. Wenzangu hapo uani wanakunywa ya kisima moja kwa moja, na kisima chenyewe mwenye nyumba kakichimba jirani na choo cha shimo, yani ukiwa umechuchumaa humo ndani unasikia kabisa ndoo ya mwenzio inavyogonga ukuta wa kisima. Nilikuwa nikiwaona natikisa kichwa, nawaambia nyie mtakufa na amiba nyie, ipo siku mtanikumbuka.

Wamenikumbuka kweli.

Ilikuwa mwaka juzi, naenda Tanga kupeleka barua ya posa. Mchumba wangu kwao Ngamiani, familia ya watu wa zamani wenye adabu zao, wakiongea wanaongea kwa mafumbo mpaka mtu wa bara kama mimi unatamani mkalimani. Mshenga wangu ni mzee mmoja wa hapo mtaani, mstaafu, mdomo una asali, akikuombea mke unapewa hata kama umeenda pekupeku. Nikapanga begi: barua, doti mbili za kanga za mama mkwe, shati la kubadilisha, na chupa mbili za lita moja na nusu zimejaa maji yangu. Mchumba akaniambia kwenye simu, we usije na maji yako kwetu, utaniaibisha. Nikamwambia mpenzi, afya haijui ukweni.

Sasa nisiwafiche, tumbo lilishaanza siku nne kabla. Halikuwa la kuuma sana, lilikuwa la kujaa. Asubuhi naamka flati, ikifika saa nane mchana niko kama nimemeza mpira namba tano, kifungo cha suruali kinaomba msaada. Na choo (samahani kama unakula) kikawa cha ajabu ajabu, kina mafuta mafuta na kinaelea, pale kazini kuna kile cha kuvuta maji, navuta mara ya kwanza, navuta mara ya pili, chenyewe kinazunguka kinarudi juu kama kimesahau kitu. Halafu mbweu. Nikicheua inatoka harufu ya yai viza, yani mpaka mi mwenyewe nageuka kuangalia nani kafanya hivi. Nikajipa jibu kwamba ni presha ya posa. Mtu anayechemsha maji atapata wapi vidudu bana, hiyo hesabu si iko wazi.

Tukapanda basi saa kumi na mbili asubuhi pale stendi ya Mbezi. Kufika Chalinze jua limeanza kazi yake, mshenga anajipepea na tiketi, nikamfungulia chupa moja nikamwambia "Kunywa mzee, haya yamechemshwa." Akapiga fundo, akapiga jingine, akasema kijana maji yako matamu wewe, mpaka tunavuka daraja la Wami chupa nzima imeisha. Huku kwangu tumbo linanguruma mpaka mama wa siti ya mbele akawa anamkagua mtoto wake. Mbele ya Mkata basi likasimama porini, kondakta akapiga kelele "Wa kuchimba dawa, dakika tano!" Mi nilichimba dakika kumi na mbili. Dereva anapiga honi, abiria wanalalamika, nikasikia babu mmoja anawatuliza kutokea dirishani, "Mwacheni huyo, kapata mzizi mrefu."

Ukweni tukapokelewa vizuri sana, shikamoo mama, marahaba baba, poleni na safari, karibuni karibuni. Pembeni ya ukumbi pana mtungi wa udongo umekaa kwenye kigoda chake, umefunikwa, juu yake imelazwa kata ya kifuu yenye mpini mrefu. Mama mkwe mwenyewe, sio mtoto sio nani, yeye mwenyewe akainuka akachota, akamimina kwenye glasi, akanipa kwa mikono miwili. Yananukia ubani kwa mbali. Na hapo, mbele ya wajomba watatu na shangazi mmoja, nikasema "Ahsante mama, nina yangu." Nikatoa chupa begini nikaiweka mezani.

Ukumbi ukanyamaza. Shangazi akasema taratibu, kama anaongea na mkeka, "Mgeni wetu muungwana, hataki kututia gharama."

Mchumba kutoka pazia la pili akanipiga jicho moja, nikaipokea haraka juisi ya ukwaju iliyofuata nikapiga fundo moja la heshima. Mshenga akaona mambo yanaharibika akajikoholesha, akaanza. Jamani yule mzee anajua. Tumepita bustani nyingi, tumeona ua hapa, hatukuthubutu kunyoosha mkono bila kupiga hodi, na kadhalika na kadhalika, wajomba wanatikisa vichwa, mambo yanarudi kwenye mstari, akafika kunisifia. Akasema "Na kijana wetu huyu, wazee wangu, ni msafi wa nje na msafi wa ndani..."

Ikatoka. Sikuifanya, ilitoka yenyewe, mbweu ndefu ya kuanzia unyayoni, na harufu yake nikawa naiona inavyotembea. Ilianza kwa mjomba wa karibu, akaangalia chini ya kiatu chake. Ikaenda kwa wa pili, akavua kofia akaanza kujipepea nayo. Shangazi akavuta ushungi mpaka puani. Mjomba wa tatu, ambaye nadhani haoni vizuri, akageukia jikoni akauliza kwa sauti, "Nani huyo kavunja yai?"

Na tumbo lilikuwa linasubiri hiyo ishara. Niliinuka bila kuaga, mtoto wa kama miaka sita akanitangulia mbio kunionyesha njia. Choo chao safi sana, kina tatizo moja tu, ukuta wake umepakana na jiko la uani na siku hiyo kuna wanawake kama wanane wanamenya vitunguu kwa ajili yangu. Mwanzoni walikuwa wanapiga stori. Baadaye wakanyamaza. Kuhusu hilo nitaishia hapo.

Barua ilipokelewa mimi nikiwa sipo.

Usiku nimelala kwa jirani yao, nimeshapoteza maji ya kutosha kumwagilia mchicha, nikamtumia mchumba meseji: "itakuwa ile juisi ya ukwaju ya mama". Sikujua umeme umekatika na simu ya mchumba ndo imefanywa tochi, na aliyeishika ni mama mkwe.

Asubuhi shemeji mdogo akanipakia kwenye bodaboda yake mpaka zahanati. Nikaingia maabara nimejiamini, nikamwambia yule kijana wa maabara, bwana mi nina amiba. Akauliza, umepimwa? Nikasema sijapimwa ila ni amiba. Akacheka akasema nchi hii kila anayeharisha ana amiba mpaka apimwe. Akanipa kikopo, akasema niite ukimaliza, nataka ikiwa ya moto moto, maana vile vidudu hai vikikaa kama nusu saa vinatulia na mi nataka nivione vinatembea. Nikamwambia kaka, wewe hesabu mpaka tatu.

Baada ya muda akaniita, "Njoo umuone mgeni wako." Nikaweka jicho kwenye darubini. Mwanzo naona ukungu tu, akazungusha kidogo, eh! Kitu kimekaa kama kishada au tone la maji, mbele kipana nyuma kimechongoka kina vimkia, kinapepesuka kama jani kavu linaloanguka kutoka mtini. Na kina macho mawili! Wallahi kinaniangalia. Kijana akasema hayo sio macho, ni viini viwili, huyo anaitwa giadia, na kwenye tumbo lake ana kama kikombe cha kunyonyea, anajibandika kwenye utumbo mwembamba wanakuwa wengi kama vigae, mafuta unayokula hayafyonzwi ndo maana choo kinaelea. Amiba yule wa kuhofia kazi yake nyingine, yeye anachimba ukuta wa utumbo mpana, unaharisha damu, akikosa adabu anapanda mpaka kwenye ini. Mimi nabaki naangalia yale macho mawili, kadiri ninavyoangalia kanafanana na mshenga akivaa miwani.

Yule kijana anapenda kazi yake jamani. Akaniambia usione aibu, wa kwanza kumuona huyu alikuwa muuza vitambaa wa Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, mji wa Delft, mwaka 1681, alikuwa anaharisha kama wewe akachukua lensi aliyojitengenezea akaangalia choo chake mwenyewe. Nikawaza huyo naye mkewe alimvumiliaje. Halafu akauliza swali ambalo ndo liliniua, "Maji ulikunywa wapi wiki moja au mbili zilizopita?" Nikamwambia mi nimekunywa jana ukweni, juisi ya ukwaju. Akasema ya jana bado haijafika hata getini, huyu hujifungia kwenye ganda lake, ukimmeza anachukua kama wiki moja mpaka mbili ndo aanze vurugu. Tanga huyu umekuja naye. Umemlipia na nauli.

Shemeji alikuwa mlangoni. Nilivyofika nyumbani habari ilishafika kabla yangu, sijui ilipanda bodaboda gani.

Mama mkwe kakaa kwenye mkeka anachambua mchele, shangazi pembeni. Nikajua hapa nisipojitetea nimekwisha, na njiani nilishapekua kwenye simu, nikaanza mhadhara. Nikamwambia mama, hivi vidudu vya maji havina mwenyewe, hata Marekani, mji wa Milwaukee, mwaka 1993, kidudu kinaitwa kriptosporidiamu kilipenya mtambo wa kusafisha maji wa mji, maji ya bomba mama, yametiwa dawa ya klorini kabisa, wakaugua watu kama laki nne na elfu tatu, maana hivi vidudu vyenye ganda klorini ile ya kawaida vinaichukulia kama marashi.

Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho. Akapuliza pumba. "Na hao walikuwa wakichemsha, baba?"

"Hapana mama, walikuwa wanakunywa ya bomba."

"Na wewe wachemsha?"

"Nachemsha mama, dakika nzima."

"Maji yakishachemka huwa ya moto. Wayapoza na nini?"

Nilifungua mdomo nikaona hakuna kinachotoka. Maana maji ya uvuguvugu mi siyawezi, na gesi nawasha usiku nikishasikia kiu, kwa hiyo yakitoka motoni nina kawaida yangu ya miaka, nachota jagi moja nayamwagia humohumo yapoe fasta. Jagi moja tu. Sijawahi hata siku moja kulihesabu kama ni maji.

"Nachanganyia kidogo, mama."

"Na ya wapi?"

"Ya kisima."

Shangazi alianza kucheka kimya kimya, mabega tu yanacheza, baadaye akalala kabisa kwenye mkeka mchele ukamwagika. Mama mkwe hakucheka, na hiyo ndo ilikuwa mbaya zaidi. Akaniita mpaka kwenye mtungi akanionyesha kama mtoto wa chekechea: yeye anachemsha jioni, anafunika na sufuria lake, asubuhi anayapitisha kwenye kitambaa cheupe mpaka mtungini, udongo wenyewe ndo unayafanya ya baridi, na kata ina mpini mrefu ili mkono wa mtu usiguse maji. "Huu mtungi, baba, haujaharisha mtu tangu mama yangu."

Nikanywa glasi mbili. Aisee matamu.

Jioni wakanipikia samaki wa kupaka, nazi nzito, wali umekaa kimoja kimoja, na mimi nishameza metronidazo, kama hujawahi kuzimeza siwezi kukuelezea, mdomo unakuwa kama unanyonya sarafu ya shilingi mia iliyotoka mfukoni kwa konda. Kila tonge kutu. Mama mkwe ananiangalia, "Vipi chumvi, baba?" Nikamwambia imekaa mahali pake mama, huku machozi yananilenga. Dawa ya siku tano, tatu kwa siku, sikuruka hata moja. Kurudi Kimara nikakuta wapangaji wenzangu wako fiti kuliko mimi, hamna hata mmoja anayecheua, sikutaka kuuliza imekuwaje.

Siku ya kumi toka tutoke Tanga mshenga akanipigia simu, anasema majibu ya barua yameletwa. Tumekubaliwa. Akanisomea mahari, kiasi cha kawaida tu, halafu kanga za bibi, blanketi la babu, na mwisho kabisa, kwa mwandiko tofauti anasema unafanana na wa kike, "sufuria moja la kupozea maji, liwe na kifuniko." Nikamwambia mzee hilo nitalinunua leo leo.

Akanyamaza kidogo. Nikamsikia anavuta kiti.

"Kijana, yale maji uliyonipa kwenye basi, ulisema umeyachemsha?"

"Niliyachemsha mzee."

"Mmh," akasema, halafu kabla hajakata nikaisikia, ndefu, ya kuanzia unyayoni. Najua simu haipitishi harufu lakini mi naapa niliinusa.