Katuba haijaipenda bangi, imechoka na askari

Jioni moja hapa Katuba, Lubumbashi, Kongo, askari alimpekua kijana anayeuza makala (makaa) penye pembe ya avenyu yetu. Akamkuta na msokoto mmoja mwembamba wa bangi. Parke, ofisi ya mashtaka, haikutajwa, wala hakuna karatasi iliyoandikwa. Mama yake aliacha bukari jikoni, akafungua fundo la kitenge, akatoa faranga elfu thelathini. Askari akapokea, na msokoto akautia mfukoni mwake.

Zamani majirani wangepiga kelele apelekwe gereza la Kasapa. Safari hii walimpa mama pole. Ndiyo maana nasita ninaposikia kwamba watu wa hapa sasa wanataka bangi ihalalishwe. Wengi wanaosema "waiachilie tu" hawavuti, na mtoto wao akivuta watamchapa. Kinachowachosha ni kulipa.

Wanaotaka ihalalishwe wana hoja. Desemba 2020, tume ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya iliiondoa bangi kwenye orodha ya zile hatari kabisa, kwa kura 27 dhidi ya 25. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliruhusu mwaka 2018 mtu mzima avute kwake faraghani. Wanaotolea mfano Zambia, hapo tu ng'ambo ya Kasumbalesa, wasome vizuri: sheria ya 2021 inahusu kilimo cha leseni kwa ajili ya dawa na kuuza nje. Mvutaji wa mtaani haikumsaidia kitu.

Na kwetu mmea huu si mgeni. Kasai, miaka ya 1880, wafuasi wa Kalamba Mukenge walijiita Bena Riamba, watu wa bangi. Walichoma hirizi za zamani, wakaifanya bangi ishara ya amani. Lakini mkosaji naye alivutishwa mpaka azimie! Hata wao walijua ina nguvu gani.

Nguvu hiyo ndiyo hoja ya mama wa Katuba. Ukimwambia ni majani tu kama sombe (kisamvu), atakuonyesha mtoto wa jirani aliyeanza na miaka kumi na minne na sasa anaongea peke yake. Madaktari wanakubali kwamba kuanza mapema na kuvuta kali kila siku huongeza hatari ya kurukwa na akili. Jimbo la Oregon, Marekani, lilifuta mwaka 2020 adhabu ya jinai kwa anayekutwa na kiasi kidogo cha dawa yoyote ya kulevya. Mwaka 2024 wabunge wakairudisha, watu wamechoshwa na utumiaji wa dawa hizo hadharani. Na Oregon wana pesa za kutibu waraibu. Huku kwetu familia nyingi hukimbilia chumba cha maombi.

Mimi naona kifungo cha anayekutwa na msokoto kifutwe, uuzaji ubaki marufuku. Najua kuna kasoro: atanunua wapi, kama muuzaji bado ni mhalifu? Kasoro kubwa zaidi ni askari mwenyewe, ambaye mshahara wake haumtoshi. Ukimnyang'anya kisingizio cha bangi, kesho ataulizia kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho.

Kijana bado anauza makala palepale. Asubuhi mama yake humtilia mfukoni faranga elfu tano, na kumkataza kuzigusa mpaka arudi.