Mtu kwa Toroli

Machi ikiingia, ghalani kwetu hapa Toronto kazi inalala. Watu wameinamia simu kama wazazi wanaosubiri matokeo ya kidato cha nne, na kila baada ya dakika tano kuna mtu ananigonga bega: "Umesikia?"

Nisikie nini mimi? Mimi mtoto wa Tandika. Barafu niliyokulia nayo ni ya ukwaju, ile ya kwenye kifuko cha nailoni, unaing'ata pembeni unanyonya mpaka ulimi unakufa ganzi. Leo hii ndiyo naulizwa beki fulani atatua wapi, na beki mwenyewe anateleza juu ya barafu, gongo mkononi, anakimbiza kisahani cheusi kama kisigino cha raba.

Tetesi za usajili nazijua, msinifundishe. Pale kijiweni kwetu tulishapanga kikosi chenye mshambuliaji wa Yanga ambaye hata pasipoti hakuwa nayo. Lakini kwetu mchezaji ana mdomo. Anataka dau, anazima simu, anaonekana na jezi ya watani, siku ya pili anakanusha. Raha tupu. Hii hoki ya barafu ya NHL, ligi ya Marekani na Kanada, ina timu 32, na zinabadilishana watu kama wale jamaa wa mtaani wanaobadilisha ndoo za plastiki kwa nguo kuukuu. Unatoa suruali mbili, unapewa beseni. Suruali haiulizwi.

Ukiwa staa mkubwa, mkataba wako unaweza kuwa na kipengele kwamba hupelekwi popote bila ridhaa yako. Mkataba wangu mimi, hata jina walilikosea.

Basi ikifika siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, mlango unafungwa saa tisa kamili alasiri kwa saa za hapa. Televisheni zinaanza asubuhi. Watu wazima wamevaa suti, kila mmoja na simu mbili, wanatazamana. Hakuna kilichotokea. Wanachambua hicho ambacho hakijatokea. Halafu dakika za mwisho vinamwagika vyote kwa pamoja, kama abiria wa Mbagala gari likifungua mlango.

Chukueni mfano wa yule Mfini, Mikko Rantanen. Mwaka 2025, Januari 24, Colorado wakampeleka Carolina. Machi 7, siku ya mwisho, Carolina wakampeleka Dallas. Wiki sita! Mtu aliyewahi kuhama nyumba anajua, wiki sita hata mwiko hujautoa kwenye boksi. Nilimhurumia sana, nikamsimulia mpaka mke wangu. Kisha nikasoma kwamba Dallas wamempa mkataba wa miaka 8, dola milioni 96. Huruma nikairudisha ndani, naitunza kwa ajili ya watu wa kima changu. Na kwenye mtoano nani kakutana na Dallas? Colorado haohao. Huko timu mbili zinakutana mpaka moja ishinde mara nne, kwa hiyo mechi ya saba ni ya kufa na kupona. Ikafika ya saba, kipindi cha mwisho, Rantanen akawatupia matatu. Ubaya ubwela.

Lakini aliyenimaliza nguvu ni Babu wa 67. Huyu ni mzee wetu wa foklifti, na jina nimempa mimi, maana Maple Leafs wa hapa Toronto, timu yake, walibeba Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, mara ya mwisho mwaka 1967, yeye akiwa na miaka sita. Tangu hapo anasubiri. Mzee huyu ana adui mmoja duniani: Brad Marchand, aliyekuwa nahodha wa Boston. Marchand ndiye yule aliyewahi kumlamba mpinzani usoni katikati ya mechi. Nasema kulamba, kwa ulimi, sitafuti methali hapa. Mara nne Boston waliwatoa Toronto kwenye mechi ya saba, zote nne Marchand yumo.

Siku hiyohiyo ya Machi 7, Boston wakamsafirisha Florida. Babu alicheza. Alishuka kwenye foklifti, akacheza kati ya makasha, magoti yenyewe ya kubembeleza. "Kaenda! Akaote jua huko!" Nikanunuliwa kahawa na donati.

Mwezi Mei, raundi ya pili, Toronto wakapangiwa nani? Florida. Ikaenda mechi ngapi? Saba. Hapahapa mjini, nyumbani kwetu, tukapigwa 6 kwa 1. Marchand kafunga moja, katoa pasi mbili za magoli. Juni akabeba kombe. Babu alikaa siku mbili hasalimii mtu, na mimi donati ile niliiona chungu mpaka leo.

Kitu kingine kinachonichosha ni malipo yao. Unamtoa mchezaji mzima, unapokea "chaguo la raundi ya kwanza", yaani haki ya kuja kuchagua kijana mwaka fulani huko mbele, ambaye sasa hivi pengine anahangaika na chunusi tu. Tena chaguo lenyewe lina masharti: timu ikifanya vizuri unapata hiki, ikiharibu unapata kile. Ni kama kupokea mahari ya mbuzi wawili, na wa tatu atakuja mvua ikinyesha. Afadhali Winnipeg, ambao mwaka 1993 walimtoa Kris Draper kwa Detroit kwa dola moja taslimu, mambo yakaisha. Draper akaenda kubeba makombe manne. Na mwaka 1983, kwenye ligi ya vijana, Seattle walimtoa Tom Martin, wakachukua basi. Basi lililotumika.

Nilicheka sana hiyo ya basi. Mungu anaona.

Juzi Ijumaa, saa tisa kasoro dakika mbili, Babu na mimi tumekodolea simu, msimamizi akaja na karatasi. Kuanzia Jumatatu, akasema, nahamia upande wa pili, chumba cha samaki waliogandishwa. Nyuzi ishirini chini ya sifuri. Wenzangu huko wana upungufu wa watu, wameniomba. Wameniomba kwa nani? Mimi nilikuwa hapa.

Babu akanishika bega, machozi yanamlengalenga. Akamgeukia msimamizi.

"Tumepata nini?"

"Toroli."

"Moja tu?"

"Moja kwa sasa. Na jingine mwezi wa tano, ikiwa huyu atafanya vizuri."

Babu akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu, akapiga hesabu.

"Kwa umri wake," akasema, "si mbaya."