Mhadhara wa Bure, Debe la Kununua

Tangazo liliandikwa kwenye karatasi ya manila na kubandikwa kwenye mwembe ulio jirani na mwalo: MHADHARA WA SAYANSI, BURE, JUMAMOSI SAA TATU ASUBUHI, WANAFUNZI NA WANANCHI WOTE. Hapa Mwanza neno "bure" halisomwi mara mbili. Saa tatu kasorobo kidato cha tano na cha sita walishakaa mbele na madaftari yao. Nyuma yao walikuwa wachuuzi wa dagaa, bodaboda, mafundi, na wazee waliokuja kuulizia chakula kinaanza saa ngapi.

Mimi nilipangiwa moto: mafiga matatu, kuni kavu, na kuazima debe. Debe lilitakiwa liwe la bati, lita 20, la mafuta ya kula, lenye mdomo mdogo na kifuniko cha kuzungusha. La petroli au mafuta ya taa halifai hata ulioshe mara saba, maana masalia yake yakipata joto yanaweza kulipuka. Nikaenda kwa Mama Mandazi, pembeni ya uwanja. Akauliza la nini, nikamjibu kama nilivyoambiwa: la kuchemshia maji. Nikalisugua kwa maji ya moto na sabuni, nikalisuuza, nikarudia tena. Mama akasema vijana wote wangekuwa wanaazima vyombo namna hii, dunia ingekuwa na amani.

Mhadhiri, kijana wa chuo, alianza na salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka!" Wazee wakaitikia kwa kishindo, akadhani ameshawapata. Akawatoa watu hofu ya kuuliza kwa habari ya Erasto Mpemba, mwanafunzi aliyegundua mwaka 1963, akitengeneza aiskrimu shuleni Magamba, kwamba mchanganyiko wa moto uliwahi kuganda kuliko wa baridi. Baadaye akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, akalipeleka swali hilo kwa Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu aliyekuja kutoa mhadhara. Wenzake wakamcheka, lakini mwaka 1969 yeye na Osborne wakachapisha andiko juu ya jambo hilo. "Kwa hiyo ulizeni lolote," mhadhiri akasema. Mzee mmoja akauliza kama soda nayo ni bure.

Hapo sufuria ikachemka. Kipimajoto kikatumbukizwa katikati ya maji bila kugusa chini, mwanafunzi akasoma kwa sauti: 96. Uwanja ukaguna. Kitabu kinasema 100! Fundi redio akatoa hukumu kwamba kipimajoto kimechoka. Mhadhiri akaeleza kuwa ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa iliyo juu yetu ni pungufu, inayakandamiza maji kwa nguvu ndogo kuliko pwani, nayo yanachemka mapema. Kila ukipanda mita 300 unapoteza karibu nyuzi moja. Dar es Salaam, kule pwani, yanafika 100.

Kauli hiyo ilipokelewa vibaya. "Yaani hata maji ya Dar yanatuzidi?" akauliza bodaboda mmoja, na kwa dakika kadhaa mhadhara uligeuka kikao cha malalamiko ya kanda. Mchuuzi wa dagaa ndiye aliyetuokoa. Alisema sasa ameelewa kwa nini maharage yake hayaivi, kumbe mume wake alikuwa anamsingizia uvivu.

Ikaja zamu ya kuonyesha nguvu ya hewa yenyewe. Alianza na kopo tupu la soda: vijiko viwili vya maji ndani, motoni hadi mvuke utoke kwa nguvu kama nusu dakika, kisha unalishika kwa koleo na kulipindua ghafla, mdomo chini, kwenye beseni la maji baridi. Likajikunja papo hapo. Waliokaa mbele wakapiga makofi. Wa nyuma, ambao hawakuona kitu, wakadai warudishiwe kiingilio.

"Leteni debe," akasema mhadhiri.

Tukatia nusu lita ya maji, tukaliweka kwenye mafiga, mdomo wazi. Hapo haraka haifai. Mvuke lazima ufukuze hewa yote iliyomo, kwa hiyo tukauacha utoke mfululizo kwa dakika tano. Kifuniko hakigusi mdomo debe likiwa motoni, maana ukilifunga hapo umetengeneza bomu. Tukalitoa, tukasubiri pumzi mbili, tukafunga kwa kitambaa, tukamwagia maji ya ziwa. Mvuke wa debe zima la lita 20 ukipoa unabaki maji ya vijiko viwili vya chai, na nafasi yote iliyobaki inakuwa karibu tupu. Hewa ya Mwanza inausukuma ubavu mmoja wa debe la namna hiyo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 700.

Debe likaimba. Fyuuuuu. Mpira wa kifuniko ulikuwa umekauka na kupasuka, hewa inaingia kwa raha zake. "Limekata roho," akasema mzee wa soda.

Fundi baiskeli akakata pete mbili kutoka kwenye tyubu kuukuu, akazipanga ndani ya kifuniko. Tukarudia yote, maji, moto, dakika tano. Nikafunga. Mhadhiri akamwaga ndoo. Kimya. Na hapa ndipo kopo na debe vinapotofautiana: debe lina matuta ubavuni, linavumilia, linavumilia, na ubavu mmoja ukishapinda ndipo lote linakwenda kwa pamoja. Mgeni rasmi hakujua hilo. Alisogeza kiti chake cha plastiki, akainama, akaweka sikio.

PAAA!

Korongo wote waliokuwa juu ya mwembe waliruka, na kabla ya kuruka walipunguza mizigo. Miguu ya nyuma ya kiti ikazama mchangani, mgeni rasmi akaenda nacho chali, suti ya kijivu ikiwa na madoa meupe. Mbwa wa hapo mwaloni hakuonekana tena siku hiyo. Wanafunzi walikuwa wamesimama juu ya madawati wakipiga kelele za "Rudia! Rudia!"

Mama Mandazi ndiye hakupiga kelele. Alikuja taratibu, akatazama kitu kilichokuwa debe, akaniangalia mimi, akamwangalia mhadhiri. Fundi baiskeli akajaribu kusaidia: lirudishwe motoni hivyo hivyo limefungwa, litafura lenyewe. Mhadhiri akalidaka na kulifungua mbio kabla wazo hilo halijapata wafuasi.

"Nani aliyelivunja?" Mama akauliza.

Mhadhiri, akiwa bado na hamu ya kufundisha, akawageukia wanafunzi. Uwanja mzima ukajibu kwa sauti moja: "HEWA!"

Mama Mandazi akatoa simu kwenye khanga.

"Haya. Nitajieni namba yake, nimpigie."