Shida si msamiati

Kuna mwandishi anayedai eti watoto wetu wanashindwa na insha za kutetea hoja kwa Kiingereza kwa sababu msamiati wao ni finyu. Mimi hufunza gredi ya 8 huku Eastlands, Nairobi, na wenye maneno mengi ndio hunisumbua zaidi. Juzi tulisoma makala fupi kuhusu nauli za matatu, nikawauliza kama ni haki nauli kupandishwa mvua ikinyesha. Kelele mpaka mwalimu wa darasa jirani akachungulia! Kuandika sasa, wengi walianza na jua, ndege na upepo mwanana, ule utangulizi wa kukaririwa tulioachiwa na KCPE, mtihani wa zamani wa darasa la nane, na hakuna aliyerudi kwenye makala hata mara moja. Common Core ya Marekani, vile viwango vya masomo vya 2010 ambavyo mwandishi huyo anavisifu, humtaka mtoto wa gredi ya 7 aunge dai lake mkono kwa ushahidi na atambue dai linalopingana nalo. Hapo nakubali. Niliwarudishia karatasi, nikasema kila mtu apige mstari kwa penseli chini ya sentensi anayoitegemea kabla ya kuandika lolote. Kijana mmoja, babake ni makanga, akaandika kwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika kwamba mafuta hayapandi bei mvua ikinyesha, lakini foleni huyanywa. Hiyo ndiyo hoja, sarufi nitairekebisha. Ila nina watoto 50 na zaidi darasani. Walimu wenzangu, nyinyi mnazisahihisha vipi insha kama hizi bila kukesha?