Vivinjari Viko Sahihi Kutofautisha .Kadi na .kadi

Wapo watengenezaji wa tovuti wanaolalamika kwamba CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa za wavuti, haina msimamo kuhusu herufi kubwa na ndogo. Ukiandika COLOR badala ya color, kivinjari hakijali, ukiandika DIV badala ya div ndani ya laha ya mitindo (faili la kanuni za CSS) ya ukurasa wa HTML, lugha ya muundo wa kurasa, kinakuelewa vilevile, lakini ukiandika .Kadi, yaani kanuni ya vipengele vya klasi (kundi) iitwayo Kadi, ilhali kwenye HTML umeweka class="kadi", kanuni nzima inapuuzwa bila onyo lolote. Malalamiko hayo yana msingi, ila naona yanaelekezwa pasipostahili. Kinachopaswa kutusumbua ni ule ulegevu uliobaki katika hali moja ya kale ya vivinjari, ambao wengi wanaufaidi au kuumizwa nao bila kujua kwamba upo.

Maneno ya CSS yenyewe, yaani majina ya sifa, thamani kama bold na amri kama @media, yametungwa na waandaaji wa viwango. Orodha yake inajulikana na yote yameandikwa kwa herufi za ASCII, yaani herufi za msingi za Kiingereza, kwa hiyo kuyalinganisha bila kujali ukubwa wa herufi ni kazi nyepesi isiyo na utata. Jina la klasi, kwa upande wake, hutungwa na mwenye ukurasa, naye ana ruhusa ya kuliandika kwa Kigiriki, Kituruki, Kiarabu au lugha nyingine yoyote. Hapo ndipo ulegevu ungeanza kudai gharama. Katika Kituruki, herufi ndogo ya I ni ile isiyo na nukta. Katika Kijerumani, ß imezoeleka kugeuzwa kuwa SS, herufi mbili badala ya moja. Nayo sigma ya Kigiriki ina maumbo mawili madogo, moja likiwa la mwisho wa neno. Kivinjari kingelazimika kuchagua kanuni za lugha moja na kuwaonea wasemaji wa nyingine. Kulinganisha herufi kwa herufi, kama zilivyoandikwa, kunaondoa mzozo huo wote. Ndiyo maana hata vigeu vya CSS vinafuata njia hiyohiyo: --rangi na --Rangi ni vigeu viwili tofauti.

Wala si jambo jipya, kwani HTML 4.01 ya mwaka 1999 ilikwisha kueleza kwamba thamani ya class hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Tatizo ni kwamba vivinjari vya miaka hiyo havikufuata viwango ipasavyo, na kurasa nyingi zilijengwa juu ya makosa yao. Suluhisho lililopatikana, ambalo Internet Explorer 5 ya Macintosh ililitumia mwaka 2000 na wengine wakafuata, lilikuwa kutazama tamko la DOCTYPE juu ya ukurasa: likiwapo tamko linalofaa, kivinjari kinafuata viwango, lisipokuwapo, kinarudi kwenye tabia za zamani. Katika hali hiyo ya kale, majina ya klasi na ya id (jina la kipekee la kipengele kimoja) katika kanuni za mitindo hulinganishwa bila kujali tofauti ya A hadi Z na a hadi z. Kasoro ya zamani sasa imeandikwa rasmi katika viwango, ili vivinjari vyote vikosee kwa namna moja.

Sioni njia ya kuiondoa bila kuharibu kurasa za zamani, na kwa hilo siwalaumu waandaaji wa viwango. Hata hivyo, ulegevu wenyewe ni wa nusunusu. Katika ukurasa wa hali ya kale wenye class="kadi", kanuni ya .Kadi itafanya kazi, na amri ya JavaScript ya getElementsByClassName("Kadi") itakipata kipengele hicho, lakini classList.contains("Kadi") itajibu kwamba klasi hiyo haipo, na kanuni ya [class="Kadi"] haitagusa kitu. Msimbo mmoja unaambiwa ndiyo na hapana katika ukurasa uleule.

Madhara yake hujitokeza kipande cha HTML kinapojaribiwa peke yake bila DOCTYPE, kikaonekana kizuri, kisha mitindo ikapotea kinapoingizwa kwenye ukurasa kamili. Kinyume chake pia hutokea: seva ikitema ujumbe wa hitilafu kabla ya DOCTYPE, ukurasa unaangukia hali ya kale, na hitilafu hiyo moja inaficha makosa ya majina ambayo yangepaswa kuonekana mapema. Anayeshuku aandike document.compatMode kwenye konsoli ya kivinjari: jibu la BackCompat ni hali ya kale, na CSS1Compat ni hali ya viwango.

Kwa upande wangu naandika majina yote ya klasi kwa herufi ndogo na kutenganisha maneno kwa kistari, kama kadi-kuu, ingawa sina ugomvi na wanaopenda kadiKuu, mradi timu nzima ikubaliane na kikaguzi cha msimbo kisimamie makubaliano hayo. Na anayehitaji kweli kupuuza ukubwa wa herufi, labda kwa sababu HTML inatoka kwenye mfumo asioweza kuurekebisha, anaweza kuandika [class~="kadi" i]. Hiyo i ndogo kabla ya mabano kufungwa inafanya ulegevu uwe wa makusudi, na kila atakayesoma laha hiyo ataiona.