Nyumba ya Kiswahili ya zamani ikarabatiwe kwa ajili ya mpangaji atakayekaa

Katika mitaa ya zamani ya Dar es Salaam, kuanzia Magomeni na Ilala hadi Keko na Temeke, bado zipo nyumba nyingi za Kiswahili zilizojengwa kwa ramani ile ile: kibaraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma penye jiko, bafu na choo. Nyingi zimechoka. Aliyeijenga amefariki, watoto wametawanyika, kodi inakusanywa na kugawanywa, na hakuna anayekubali kutoa fedha mfukoni mwake hata kwa ajili ya bati moja. Nyumba ya namna hiyo inapouzwa, mnunuzi hushauriwa ama aibomoe asimamishe ghorofa, ama aipake rangi na kupandisha kodi. Kwa mtu mwenye mtaji wa wastani anayetafuta kipato cha miaka mingi, naona ushauri wote huo unampoteza. Natetea ukarabati wa dhati unaoanzia kwenye yale yasiyoonekana, na unaolenga kumpata mpangaji atakayekaa.

Ghorofa linahitaji mhandisi, kibali, nondo na zege kwa wingi, na kwa muda wote wa ujenzi haliingizi hata shilingi moja. Fedha zikikatika katikati, mwenye mali hubaki na nguzo zinazoota kutu mahali palipokuwa na nyumba inayolipa. Kiwanja cha bei nafuu nacho kiko mbali, huko Chanika au ndani kabisa Kigamboni, ambako mpangaji anayefanya kazi Kariakoo atapiga hesabu ya nauli kabla ya kuuliza kodi. Nyumba ya Kiswahili iko karibu na soko na daladala, tena imekwisha kugawanywa: kila chumba kina mlango wake wa koridoni, kwa hiyo mafundi wanaweza kushughulikia vyumba viwili huku vinne vikiendelea kuleta kodi.

Karatasi zitangulie mafundi. Kwa kuwa nyingi ya nyumba hizi ni za urithi, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na mnunuzi aone barua ya uteuzi kwa macho yake, kisha azungumze na warithi wote, wa kike kwa wa kiume. Muuzaji akiwa na mke au mume, ridhaa ya mwenza huyo nayo iwe ya maandishi. Ofisi ya serikali ya mtaa inajua historia ya nyumba na majirani, lakini neno lake halichukui nafasi ya upekuzi katika ofisi ya ardhi, hasa pale ambapo kilichopo ni leseni ya makazi ya muda mfupi na si hati.

Adui mkubwa wa nyumba hizi ni maji, na hapa ndipo sehemu kubwa ya fedha inapaswa kwenda. Anayetaka kununua aende kuitazama nyumba wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, ikiwezekana mvua ikiwa inanyesha, aone dari linavuja wapi na maji ya uani yanaelekea upande gani. Katika mitaa mingi barabara imeinuliwa kwa kifusi mwaka hadi mwaka, kiasi kwamba sakafu ya nyumba sasa iko chini ya usawa wa mtaa, na maji yote ya nje huishia kwenye msingi. Unyevu huo hupanda ukutani, ukakauka na kuacha unga mweupe wa chumvi, na lipu hubanduka vipande vipande. Kupaka rangi ya mafuta juu ya ukuta wa aina hiyo ni kutupa fedha, kwa sababu baada ya msimu mmoja rangi itavimba na kudondoka. Kwanza maji yaondolewe kwa mifereji na kwa kushusha udongo uliolundikana ukutani, kisha lipu iliyooza ibanduliwe, ukuta uachwe ukauke, ndipo upigwe lipu upya. Ikigundulika kwamba chini ya lipu ya saruji ukuta ni wa miti na udongo, mnunuzi ajue kwamba kwa kweli ananunua kiwanja, na bei ishuke kulingana na hilo.

Paa likaguliwe kwa kupanda juu ya dari, kwa maana bati jipya la geji 28 halina faida yoyote likipigiliwa kwenye mbao zilizoliwa na mchwa. Umeme nao usukwe upya na mkandarasi mwenye leseni. Nyaya za zamani ziliwekwa kwa ajili ya taa na redio, na leo kila chumba kina jokofu, feni na pasi. Kila mpangaji awe na mita yake, kwa sababu ugomvi wa umeme huwafukuza wapangaji wema kuliko kodi. Tena, kwa kuwa kodi ya majengo hukatwa mpangaji anaponunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, tangu 2021, mwenye nyumba muungwana humrudishia mpangaji kiasi kilichokatwa. Kodi hiyo ni ya mwenye mali.

Tuchukue mfano wa chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akipandisha hadi 70,000, ameongeza 120,000 kwa mwaka. Mpangaji akihama kwa ajili hiyo na chumba kikakaa kitupu miezi miwili, amepoteza 140,000, bado hajapaka rangi upya. Hesabu hii ndiyo inayonifanya niamini kwamba paa lisilovuja na choo kisafi ni vitega uchumi halisi, kwa kuwa humfanya mama mwenye watoto shuleni jirani aone hakuna sababu ya kuhama.

Sikubaliani pia na desturi ya kujaza uani vyumba vya nyongeza. Kila chumba kinachoongezwa kinaziba hewa ya jiko, kinaongeza watu kwenye choo kile kile, na kinapunguza nafasi ya maji ya mvua kuzama ardhini. Shimo likijaa, gari la kunyonya majitaka linakosa njia. Kama kuna fedha zilizobaki baada ya paa, kuta na umeme, zijenge choo cha pili na shimo lililojengwa vizuri, na uani uachwe wazi kwa ajili ya kufulia, kuanika na watoto kucheza.