Huyo tembo wa udongo msimpake rangi

Jamani naomba niliseme hili maana linanikera kweli. Ukizunguka Arusha kwa wauzaji wa vitu vya kale, au Moshi pale Memorial kwenye mitumba siku ukibahatika, unaweza kukuta sanamu za wanyama za kizamani, zile za udongo za kufinyangwa kwa mkono, tembo, kuku, mbwa, kiboko, na mara nyingi unakuta mtu kashampaka mnyama wa watu rangi ya mafuta au vanishi ili ang'ae, ukiuliza unaambiwa mteja anapenda kitu kinachoonekana kipya. Sasa anayetaka kipya si akanunue kipya? Mi navitafuta kwa sababu ni vya zamani na vimepita kwenye mikono ya mtu, na ukipaka rangi hayo yote mawili umeyafunika.

Kwanza geuza mnyama tumbo juu kabla hujaangalia sura. Kama ni mtupu ndani lazima kuna kitobo mahali, tumboni au chini ya mkia, maana hewa na mvuke vikipata moto vinatafuta pa kutokea na vikikosa njia mnyama anapasuka. Halafu angalia pale miguu ilipoungwa na mwili, mfinyanzi wa mkono analainisha kwa kidole chenye maji, kidole kinaacha mfereji, na ukiweka chako pale unakisikia kabisa kinaingia. Mi hapo ndo nanunua au naacha, yaani masikio yanaweza yasilingane, shingo imepinda, lakini alama ya kidole ikiwepo basi nimemaliza. Ya kumiminwa kwenye molda, yaani kalibu, kwa kawaida ina mstari mwembamba wa maungio ubavuni na kuta zake zina unene ule ule kila mahali. Na yale madoa meusi ubavuni, ambayo watu wanadhani ni uchafu wanayasugua na steelwire! Sio uchafu. Ni moto huo, mnyama alichomwa nje kwenye kuni na majani, pale moshi ulipombana pakawa peusi, na moto wa namna hiyo mara nyingi unacheza kati ya digrii 600 na 900 tu, ndo maana udongo wake unabaki laini na unakunywa maji. Ukishapaka vanishi huoni kidole, huoni moto, huoni chochote.

Kuna wengine hawakuchomwa kabisa. Huku kwetu wanyama wa udongo walikuwa na kazi, kwenye jando na unyago sanamu ndogo zilitumika kufundishia vijana, sanamu na wimbo wake na maana yake. Hans Cory, yule Mwaustria aliyefanya kazi serikalini enzi za Tanganyika, alizikusanya na kuziandikia kitabu mwaka 1956. Nyingi zilikaushwa tu juani. Ukiitia kwenye beseni kuiosha, imeyeyuka, umebaki na tope.

Wapo pia wa kizungu walioingia na masetla wakaachwa kwenye nyumba za zamani, hasa wale mbwa wa Staffordshire wa Uingereza wa miaka ya 1800, wanakaa wawili wawili wakiangaliana juu ya meko. Wale ni wa molda ila wamechorwa kwa mkono ndo maana nyuso hazifanani sawasawa. Feki zake ni nyingi mno, kwa hiyo kuwa makini. Chukua ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti, mmulike gizani, mara nyingi sehemu iliyogundishwa au kupakwa upya inawaka tofauti na pengine pote.

Najua machalii wanaouza wanatafuta riziki na siwalaumu, rangi kweli inavuta macho ya mgeni anayepita. Ila mnaweza kutusikiliza na sisi wanunuzi wa hapa hapa. Ukiniletea kiboko aliyekatika sikio lakini hajaguswa, nampokea kwa hela nzuri kuliko mzima aliyepakwa. Na akivunjika usikimbilie supaglu, funga vipande vyote kwenye kitambaa uvilete hivyo hivyo, hata vile vidogo vidogo. Vumbi litoe kwa brashi laini kavu, inatosha.

Kitu kimoja tu udongo hauwezi kukwambia, nacho ni jina la aliyefinyanga, na hili linaniuma kuliko rangi. Nigeria, Ladi Kwali alikuwa mama wa kijijini anayefinyanga vyungu bila gurudumu, anavichora mijusi na mamba, na leo yuko nyuma ya noti yao ya naira 20. Sisi tuna akina mama wa Upareni, vyungu vyao vimepikia maharage nusu ya Kilimanjaro, nao hawatumii gurudumu, ni mikono tu na uzoefu wa kurithi kwa mama na bibi, halafu mtu ananunua kitu chao sokoni hata haulizi kimefinyangwa na nani, basi bibi wa watu anaondoka na jina lake. Mi sasa hivi sanamu ikiwa haina maelezo bado nainunua, lakini naiona nusu. Muuzaji anaweza kuwa anakumbuka alitoa wapi, nyumba gani, kijiji gani, muulize hapo hapo kabla hamjamaliza kupatana bei maana akishaweka hela mfukoni anakuwa na haraka. Na kama mfinyanzi yupo hai, panda gari umfuate, shikamoo bibi, ukae naye, umuulize udongo aliuchota wapi na alichomea nini. Andika kwa penseli kwenye karatasi, tarehe na jina la kijiji, karatasi ikae pamoja na mnyama kwenye boksi, usiigundishe mwilini mwake.